Inuka, Ule

Somo la juma: 1 Wafalme 19:1-18

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Vijana wanaopiga tizi mtaani kwetu, kwa vile vyuma vya bomba lenye makopo ya zege huku na huku, wanajua jambo ambalo sisi tunaofundisha Neno huwa tunalipita haraka. Msuli haujengeki wakati wa kunyanyua. Wakati huo unachoka, na nyuzi zake zinaumia kidogo kidogo. Unajengeka baadaye, mtu akiwa amekula maharage yake na mayai, amelala, ameuacha upumzike siku moja au mbili. Anayesukuma kifua kila jioni huku anashindia chai kavu na kukesha na simu, hapati nguvu. Anapata bega bovu.

Nayasema haya kwa sababu tumezoea kumwambia mtu aliye kwenye shida, "Vumilia tu, Mungu anakujenga." Tunamsomea Warumi 5, kwamba dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, halafu tunaaga. Ni kweli Paulo aliandika hivyo. Lakini fungueni sura ya 16 ya waraka huohuo muone majina: Fibi aliyewasaidia wengi, naye Paulo mmojawapo, Priska na Akila waliokuwa tayari hata kukatwa kichwa kwa ajili yake, na wengine, zaidi ya 20. Mtu huyu hakubeba dhiki zake akiwa peke yake. Mzigo mtupu haukuzi mtu. Unaweza kumvunja kabisa, na waliovunjika tunao humuhumu kanisani.

Sasa tumtazame nabii Eliya. Ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, amepiga mbio mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka Yezreeli, kisha ujumbe mmoja wa malkia Yezebeli, wa kutishia kumuua, unamkimbiza hadi Beer-sheba. Huko anamwacha mtumishi wake (hapo ndipo mimi huona hatari yenyewe), anaingia nyikani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, mti wa nyikani, na kuomba afe.

Mungu hamhubirii, wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Malaika anamgusa: "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Nabii anakula, anakunywa, analala tena! Malaika anamwacha alale, kisha anarudi mara ya pili na neno lilelile, "Inuka, ule," safari hii akikiri kwamba mwendo ni mkubwa mno kwake. Ni kwa nguvu za chakula hicho Eliya anatembea siku 40, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Swali la "Unafanya nini hapa?" linamngoja huko. Chini ya mretemu hakuulizwa kitu.

Na mzigo hauondolewi. Anarudishwa kazini kwa njia ya Dameski, akamtie mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme, na Elisha awe nabii mahali pake. Kazi imekuwa kubwa kuliko ya kwanza, ila sasa kuna Elisha.

Baadhi yenu mlimfuatilia Mkenya Hellen Wawira alipotwaa shaba ya kunyanyua vitu vizito kwa wenye ulemavu, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham 2022. Katika mchezo ule mnyanyuaji hulala kwenye benchi, hushusha chuma mpaka kifuani, na hapo lazima kitulie kabisa kabla ya kukisukuma juu. Hakuna kukidundisha. Wasaidizi husimama pande zote mbili. Wakikigusa kabla hajamaliza, jaribio limeharibika, kwa hiyo hawamnyanyulii. Lakini hawaendi popote.

Basi juma hili sitatangaza mfungo. Dada yetu aliyefiwa na mumewe, matanga yamekwisha, ndugu wamesharudi makwao, na sasa ndiyo ada za shule na kodi ya nyumba vinamkalia. Jumamosi baada ya kikao cha jumuiya tutapita kwake. Mwenye unga alete unga, mwenye mkaa alete mkaa, na akina mama waingie jikoni wenyewe bila kumsumbua. Vijana wawachukue watoto uwanjani mpaka jioni, ili mama yao apate kulala.