Siku mama alinisubiri stejini na mimi niko kwa kompyuta

Leo ni Jumapili usiku, mvua imenyesha tangu saa kumi, stima imepotea mara mbili ikarudi, na mimi nimekaa hapa Roysambu na chai yangu nikiandika kitu ambacho nimekuwa nacho moyoni karibu miezi mitatu. Watu wananiulizanga, kwani unatumia nini kwa hiyo kompyuta, mbona siku hizi unamaliza kazi mapema, na kila nikianza kujibu najikuta nimerudi kwa Jumanne moja tu, so wacha nianze hapo.

Siku hiyo mama alikuwa amekuja tao kutoka Murang'a kuchukua dawa zake za presha. Hakuwa ameniambia, ndivyo alivyo, hapendi kusumbua mtu. Saa nane na dakika kumi akanitumia ujumbe WhatsApp, "Niko steji, kama uko na nafasi kuja tunywe chai kabla nirudi." Mimi niko nyumbani nafanya kazi, WhatsApp iko wazi kwa kompyuta, simu iko hapo kando ya kikombe, yaani ningenyoosha mkono tu. Nikauona saa kumi na mbili jioni. Ulikuwa umezikwa chini ya grupu ya harusi, grupu ya matanga, grupu ya ploti, ya kanisa, ya darasa letu la chuo, na zingine mbili sikumbuki hata nani aliniweka. Mama alisubiri saa moja na nusu, akapanda gari akaenda. Nilipompigia akasema, "Usijali mwanangu, nilijua uko na kazi mingi."

Hapo ndipo niliumia, kwa sababu baada ya kukata simu nilibonyeza Ctrl na H, ile historia ya kivinjari (browser) inayoonyesha kila ukurasa na saa uliyoufungua, nikaangalia kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Kazi niliyofanya ni maneno ya mistari minne chini ya picha ya kiatu. Basi. Zingine zote zilikuwa video moja inaleta nyingine, mtu anapika, mtu anajenga nyumba kwa matope, mabishano ya siasa ya watu nisiowajua, bei za vitu sina mpango wa kununua. Mama yangu alikuwa amesimama juani akidhani niko na kazi mingi na haikuwa kweli.

Kazi yangu, kwa wale wapya hapa, ni kushughulikia kurasa za biashara ndogo ndogo. Kuna mama wa viatu vya mtumba pale soko la Toi, kuna dada wa Kasarani anayepika chakula cha jioni anapelekea watu majumbani, na fundi wa fanicha wa Ngong Road. Mitandao ndiyo ofisi yangu, siwezi kuambiwa funga Facebook uende shamba. Nafanyia kwa kompyuta ya ex-UK, yaani iliyotumika kule Uingereza, yenye RAM (ile memori ya kufanyia kazi) ya GB 4, intaneti ni hotspoti ya simu, na bando nanunua ya siku kwa siku. Kumbuka hiyo, inakuja baadaye.

Wiki hiyo nilianza vile kila mtu huanza, nikatafuta vitu vya kuongeza. Chrome ya Kiswahili inaviita viendelezi, vile viprogramu vidogo unabandika kwa kivinjari vifanye kazi ambayo chenyewe hakifanyi. Niliweka vya orodha ya kazi, vya saa ya nyanya (ile mbinu ya dakika 25 kazi na 5 mapumziko, Muitaliano Francesco Cirillo aliibuni mwisho wa miaka ya 80 akiwa mwanafunzi akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya), vya kalenda, vya noti, vya kunitakia asubuhi njema na picha ya mlima. Kufikia Ijumaa nilikuwa na 14, kompyuta inahema, na nimepoteza siku nzima nikivipanga rangi. Vilivyokuja kunisaidia ni vile vilivyoniondolea kitu.

Cha kwanza ni Unhook, ya YouTube. Inaficha yale mapendekezo ya pembeni na yale ya ukurasa wa mbele, na zile video fupi pia, unabaki na sehemu ya kutafuta na hiyo video uliyotafuta. Nikitaka kujifunza kukata picha natafuta hiyo, naangalia hiyo, ikiisha imeisha, hakuna kingine kinaniita. Siku ya kwanza ukurasa mweupe ulinitisha nikadhani intaneti imekatika. Ndipo nikaenda kusoma hii tabia ya ukurasa kuteremka bila mwisho ilitoka wapi, nikapata iliundwa na mtu anaitwa Aza Raskin mwaka wa 2006, na yeye mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajutia. Hiyo ilinituliza sana, kusema ukweli, kujua kwamba uzito niliokuwa naubeba kama udhaifu wangu ulikuwa kitu kilichotengenezwa na mtu mezani, kinaweza kutengenezwa tofauti.

Cha pili ni LeechBlock, unaiambia tovuti fulani isifunguke saa fulani, ama ifunguke dakika kadhaa tu kwa siku. Mimi nimefunga X na kurasa za udaku kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba, halafu nimejipa dakika ishirini baada ya chakula. Facebook siwezi kuifunga juu ni kazi, lakini ile fidi yenyewe, yale mafuriko ya posti za watu, nimeifunika na News Feed Eradicator, naingia moja kwa moja kwa kurasa za wateja na inboksi, natoka.

Sasa ile ya bando. Unajua hapa kwetu tangazo la video likijicheza lenyewe si kelele tu, ni pesa yako inaenda, umenunua GB yako na mtu mwingine anaitumia kukuonyesha gari ambalo hujauliza. Nikaweka uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo. Ni ya bure kabisa, maandishi yaliyoiunda (code) yako wazi mtu yeyote anaweza kuyasoma, na aliyeianzisha, Raymond Hill, haombi hata mchango. Inakuonyesha namba ya vitu ilivyozuia, na kwa ukurasa mmoja tu wa habari ilipita hamsini kabla sijamaliza kusoma. Bando iliyokuwa ikiisha saa tisa siku hizi inafika usiku. Tatizo ni kwamba Chrome ilibadilisha sheria zake za viendelezi, hiyo Manifest V3, na toleo kamili halifanyi kazi huko tena, kuna uBlock Origin Lite ambayo ni nyepesi lakini haina nguvu zote, kwa hivyo mimi nilihamia Firefox ambako ile kamili bado iko. Kuhama kulinichukua nusu saa, alamisho (bookmarks) na kila kitu vilikuja. Na nikisoma kurasa za waandishi wadogo wa hapa nyumbani ambao najua tangazo ndilo linawalipia intaneti, nabonyeza kile kitufe cha kuzima kwa tovuti hiyo pekee. Nahisi ni haki.

Lazima niseme pia kuhusu ile siku nilichomeka, kwa sababu wengine mtachomeka. Nilikuwa nimeweka kiendelezi kimoja cha kupiga picha ya skrini, kidogo tu, kilinisaidia miezi mingi, halafu siku moja nikaanza kuona kila nikitafuta kitu napelekwa kwa ukurasa mwingine kwanza, matangazo mahali hayakuwanga. Nilihangaika siku nne nikilaumu kompyuta. Kaka yangu mdogo ndiye aliniuliza, "Siz, umewahi kuangalia hivi vitu umevipa ruhusa gani?" Tukafungua, imeandikwa wazi kabisa kwamba kinaweza kusoma na kubadilisha data yako kwa tovuti zote. Tovuti zote ni pamoja na benki, eCitizen na iTax za serikali, inboksi za wateja wangu ambao waliniamini na paswadi zao. Nilitetemeka. Na si mimi tu, kulikuwa na The Great Suspender, ya kulaza kurasa usizotumia, watu zaidi ya milioni mbili walikuwa nayo, mwenyewe akaiuzia mtu mwingine 2020, na Februari 2021 Google ikaiondoa ikisema ina programu hasidi ndani. Kitu ulichokiamini kikiwa cha huyu kinaweza kuwa cha yule na hakuna anayekupigia simu kukuambia. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi napitia orodha, kama sijatumia kitu siku thelathini kinaenda, na kama cha kupiga picha ya skrini kinataka kuingia kwa benki yangu pia kinaenda. Nimebaki na vitano. Paswadi za wateja nimezitoa kwa daftari na kwa "ujumbe kwangu mwenyewe" nikaziweka Bitwarden, programu ya kutunza paswadi.

Kurasa wazi. Hizo zilikuwa 63, nilizihesabu. Chrome inaita ukurasa wazi kichupo, lakini sisi hapa tukisema tabu tunamaanisha tabu kweli, na zangu zilikuwa tabu 63. OneTab inazikusanya zote kwa kubonyeza mara moja inakuachia orodha ya majina, na RAM inapumua. Za kusoma baadaye nilikuwa naweka Pocket, huduma ya kuhifadhi makala, tangu niko chuo, ikafungwa Julai 2025, nikapakua orodha yangu na nilipoipitia niliona mamia ya makala ambayo sikuyasoma wala sitayasoma. Nilichagua tisa. Nimezisoma zote tisa.

Upande wa kuposti, nilichojifunza kikubwa hakiko kwa programu yoyote. Mimi hupanga posti za wiki nzima Jumatatu asubuhi, Facebook na Instagram kwa Meta Business Suite ambayo ni bure, na za huyu fundi ambaye yuko mitandao mitatu kwa Buffer, ile ya bure inakupa akaunti tatu na posti kumi kumi za kungoja. Sasa dada wa Kasarani akanitumia ujumbe, "weka menyu saa 1 jioni." Mimi nina haraka, naona 1, naona jioni, naweka 1 PM. Saa saba mchana, jua kali, menyu ya chapati na ndengu ikaenda hewani ikisema chakula kiko tayari, na yeye bado yuko sokoni ananunua vitunguu. Watu kumi na moja waliagiza na hawakupata, wawili walimwandikia maneno mabaya. Nilimpigia nikamwambia, "Dada pole sana, hili kosa ni langu," na nikawaandikia wateja wake mmoja mmoja. Saa yetu na ya hizo programu zinatofautiana masaa sita na hakuna kiendelezi kitakusaidia, siku hizi naandika kwa karatasi saa zote mbili, saa 1 jioni kando yake 19:00, halafu namsomea mteja kwa simu kabla sijapanga. Angalia pia kama akaunti imewekwa saa za Nairobi.

Kwa mama wa Toi nilimwekea WhatsApp Business. Ana majibu ya haraka, anaandika mkwaju (/) na neno bei, anabonyeza, na maelezo yote ya saizi na delivari yanajijaza. Alifurahi sana. Lakini kilichompunguzia kazi zaidi ni kumshawishi aandike bei kwa picha yenyewe. Alikuwa anaogopa, "mwanangu, majirani wataniona bei," kila mtu soko mzima anaandika njoo inboksi. Tukajaribu wiki moja. Maswali ya "how much" yakaisha karibu yote, na wanaoingia inboksi sasa wanauliza kama saizi 39 iko. Nawasihi wenye biashara mnaonisoma, andikeni bei. Watu wanachoka kuuliza.

Na grupu zangu za WhatsApp. Zile zote nimezihifadhi kwa kumbukumbu (archive), zikipata ujumbe mpya hazirudi juu, naingia huko mara mbili kwa siku, saa saba na saa mbili usiku. Juu kabisa nimebandika watu watatu, mama ndiye wa kwanza, na nimempa mlio wake peke yake. Hii haikuhitaji kiendelezi chochote, ilikuwa ndani ya simu miaka yote hiyo, ilinichukua kama dakika mbili, na nikifikiria hizo dakika mbili ndio maana nimeandika haya yote.

Jana mlio ulilia nikiwa katikati ya kupanga picha za makochi. Mama ananiuliza kama kuna njia ya kunyamazisha grupu ya chama chao bila kutoka, kwa sababu kuna mmoja anatuma voisi za dakika sita kuanzia alfajiri na hataki kumkosea heshima. Nilimwambia ipo mama, nakuja Jumamosi nikuonyeshe. Akasema nije na mkate.