Jivu lilivyonionyesha mwizi wa kuku wangu

Nilianza na majike watano na jogoo mmoja hapa Nala, nje kidogo ya Dodoma mjini, njia ya kwenda Singida. Mwaka wa kwanza kila balaa nilimsingizia mwewe. Kifaranga hayupo, mwewe. Yai halipo, mwewe. Hata asubuhi niliyokuta majike wawili wamelala bandani, shingo zimetafunwa na miili iko palepale, bado nilimlaani mwewe.

Bibi jirani alinicheka. "Mjukuu wangu, mwewe siku hizi anatembea usiku?" Akaniambia jioni nimwage jivu mlangoni na kuzunguka banda, nilisawazishe, nikalale.

Usiku wa tatu mgeni akarudi. Asubuhi jivu lilikuwa na nyayo ndogo za vidole vitano, na mbele ya kila kidole alama ya ukucha. Paka huacha vidole vinne, kucha hazionekani, kwa hiyo paka wangu, ambaye nilishaanza kumtazama vibaya, akatoka kwenye kesi. Bibi alitazama mara moja tu: kicheche. Nyayo ziliishia kona ya nyuma, chini ya bati, kwenye upenyo ambao ngumi yangu haiingii.

Wavu niliokuwa nao, ule wa matundu makubwa, kazi yake ni kuzuia kuku asitoke. Nikachimba mtaro wa futi moja kuzunguka banda, nikashusha wavu usiopitisha kidole gumba, nikashindilia mawe na udongo. Juu nikazungushia matawi ya mgunga yenye miiba, kama zizi la mbuzi. Tangu hapo kicheche hajaingia.

Mwewe naye yupo, sikatai, ila ni mwizi wa mchana na haachi hata unyoya. Dawa yake kwangu ni kutowaachia vifaranga wazurure wiki nne za mwanzo. Wanashinda chini ya tenga na mama yao. Kwa hiyo nataka watotolewe pamoja, nilinde kundi moja badala ya matatu. Jike la kwanza likianza kuatamia naliachia yai moja nililolitia alama ya mkaa, linasubiri wenzake. Wakifika watatu, jioni moja nawawekea wote mayai 12 kila mmoja, yasiyozidi siku kumi tangu yatagwe. Siku ya 7 usiku napima kwa tochi ya simu: lenye mishipa kama utando wa buibui linarudi, lililo jeupe tupu linatoka. Siku ya 21 banda zima linalia. Mara ya mwisho nilipata vifaranga 29 kwenye mayai 36, nikawapa mama wawili, wa tatu akarudi kutaga.

Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia mdondo, tunachangia gharama na bibi, maana kichupa kimoja ni cha kuku wengi na kikishafunguliwa hakiwekwi. Tone moja jichoni, tunarudia kila baada ya miezi mitatu.

Jivu bado namwaga kila jioni. Juzi nimekuta mstari mmoja mrefu uliopindapinda, hauna kidole hata kimoja. Mayai mawili hayapo, na ganda silioni. Leo nimeshinda natafuta tundu.