Giza Lenye Umbo la Lama

Tulipanda kilima juu ya mji wa Cusco, kwenye milima ya Andes nchini Peru, saa mbili usiku, siku mbili baada ya Inti Raymi, sikukuu ya jua ya tarehe 24 Juni. Cusco iko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kimo cha katikati ya Mandara na Horombo kule Kilimanjaro. Mimi mtu wa Mtwara nilikuwa siku ya tatu nikinywa chai ya majani ya koka asubuhi na jioni ili pumzi itulie. Baridi ya Juni huko inaingia mpaka mifupani. Nilivaa sweta mbili na kujifunika blanketi la sufu ya alpaka.

Nilitarajia anga ngeni. Kumbe Cusco na Mtwara zote ziko kusini mwa ikweta, huku nyuzi 13 na nusu, kwetu nyuzi 10. Nilipoinua macho nikakuta Msalaba wa Kusini na Nge, wale wale alionionyesha babu tukiwa tumelala chali mchangani. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikechua, lugha ya wenyeji wa Andes, alituamuru tuzime tochi na simu, tukae kimya mpaka macho yazoee. Kisha akasema tuache kutazama nyota. Tutazame pale pasipo na nyota.

Ule ukanda mweupe unaokatiza anga, Wakechua huuita Mayu, yaani mto. Ndani yake mna madoa meusi; wataalamu wa leo hueleza kuwa ni mavumbi na gesi yanayoziba mwanga wa nyota zilizo nyuma. Watu wa Andes waliyaita mawingu meusi na wakaona humo viumbe. Karibu na Msalaba yuko Yutu, ndege wa jamii inayofanana na kware. Pembeni yake chura. Nyuma kabisa, upande wa Nge, mbweha. Na katikati yuko mkubwa wao, Yacana, lama jike anayemnyonyesha mtoto; lama ni mnyama wa kufugwa wa Andes, wa jamii ya ngamia.

Mwanzoni sikumwona. Mama yule alinishika bega, akanielekeza kwenye nyota mbili angavu zilizo kando ya Msalaba. Hayo ndiyo macho yake, akasema, sasa fuata shingo. Nikafuata, na ghafla mnyama mzima akajitokeza, shingo ndefu, mgongo, miguu, mweusi juu ya mto wa mwanga. Nywele zilinisimama. Miaka yote ile pwani alikuwa juu ya kichwa changu, nami nilikuwa nikihesabu nyota tu.

Kuna maandishi ya Kikechua ya mwanzoni mwa karne ya 17, kutoka Huarochirí, huko huko Peru, yanayosimulia habari zake. Usiku wa manane, pasipo mtu kujua, Yacana hunywa maji yote ya bahari. Asipokunywa, dunia itagharikishwa. Na akishuka kunywa kwenye chemchemi, mtu mwenye bahati huangukiwa na sufu yake. Kukipambazuka huiona, ya buluu, nyeupe, nyeusi, ya kila rangi. Asiye na lama hununua jike na dume, na hao wawili humzalia maelfu. Ni hadithi ya wafugaji, na naipenda kwa sababu inajua mfugaji maskini huota nini.

Niliuliza habari za Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Mwezi wa Juni hakionekani jioni, kinachomoza kabla ya alfajiri. Huko kinaitwa Collca, ghala. Sisi tumekipa jina kutokana na kulima, wao kutokana na mahali pa kuweka mavuno. Babu alizoea kusema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima wa Andes nao hukitazama mwezi huu: kikionekana hafifu, mvua zitachelewa na kupungua, basi huahirisha kupanda viazi. Mwaka 2000, Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha utafiti unaoeleza sababu. Miaka ya El Niño, yaani maji ya Pasifiki yanapopata joto kupita kawaida, mawingu membamba ya juu sana huongezeka mwezi wa Juni na kufifisha nyota hizo, na miezi inayofuata mvua huko huwa haba. Mkulima hakuhitaji kuyaona mawingu yenyewe. Kilimia kilimwambia.

Usingizi haukuja. Saa kumi na moja alfajiri nilitoka hadi uani kwenye nyumba ya wageni, blanketi mabegani, nikatazama kaskazini mashariki, juu ya mapaa ya vigae. Kilikuwepo. Nilihesabu nyota sita, zote zikimeta.