Mwenge hadi Bagamoyo kwa baiskeli

Miguu bado inauma, lakini nimefika! Jumamosi alfajiri tuliondoka Mwenge na baiskeli zetu, zaidi ya kilomita 50 mpaka Bagamoyo, kuchangia familia za watoto wenye saratani wanaotibiwa Muhimbili. Hadi Bunju mambo yalikuwa laini. Baada ya Mapinga jua likaanza kuchoma, na mbele kidogo mnyororo ukanitoka. Dada mmoja akashuka, akanirudishia mwenyewe, vidole vyeusi tii kwa grisi.

Kumbe ni mama wa mgonjwa. Mwanawe alivimba taya, wakadhani ni jino. Ilikuwa Burkitt, saratani inayotibika mtoto akiwahishwa. Walitoka Kigoma, akauguza miezi, shamba na wadogo zake mtoto kamwachia bibi yao. Aliniambia kilichomkosesha usingizi zaidi ni nauli.

Michango yetu inaenda huko huko: nauli, chakula, malazi. Jamani, mkiona taya la mtoto limevimba, au mboni ya jicho inang'aa nyeupe kwenye picha, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje.

Mtoto alitusubiri Bagamoyo, kakumbatia chupa ya maji. Mama yake alipofunga breki tu, akaifungua.