Karabini ya baba mkubwa haikuwa imekufa

Watu watatu waliniambia niiuze. "Mtutu umekwisha, yaya, hicho ni chuma tu." Karabini ni ya marehemu baba mkubwa, ile ya risasi moja: unaifungua katikati, unatia, unafunga. Inakula 7x65R, risasi ya Kijerumani ya tangu 1917. Sikukubali. Nilikuwa nimeusafisha mtutu mpaka mistari ya ndani inang'aa, na mdomo wake hauna hata mkwaruzo.

Nikaipeleka shambani, barabara ya Kasenga inayotoka Lubumbashi, kwenye kichuguu kirefu kuliko nyumba, nikabandika karatasi mita 100. Risasi ya kwanza katikati. Ya pili juu. Ya tatu juu zaidi, kiganja kizima. Nikanunua darubini nyingine ya kulengea, dola mia mbili hivi zikaenda, hali ikabaki ileile. Kwa hasira nikakaza skrubu ya ubao wa mbele, ule wa kushikia chini ya mtutu, kwa nguvu zangu zote, na risasi zikazidi kupanda! Hapo nikashtuka: kumbe ni ubao.

Kwenye karabini hii ubao umefungwa kwenye mtutu wenyewe. Mtutu ukipata moto unatanuka, ubao unausukuma. Nikachukua noti ya faranga 100 nikaipitisha kati yao kuanzia nchani. Ikakwama sentimita mbili tu! Basi nikazungusha msasa kwenye kipande cha bomba, nikausugua ubao kwa ndani kidogo kidogo jioni mbili nzima, mpaka noti ikateleza hadi karibu na skrubu. Pale skrubu inapopita nikaweka mpira wa robine ya maji, ule mweusi wa duara wa faranga mia chache, ili ubao uguse mtutu mahali pamoja tu.

Na jamani, msiegemeze mtutu wenyewe juu ya gunia! Gunia la mchanga likae chini ya ubao, karibu na bawaba, palepale kila mara. Darubini irekebisheni kwa risasi ya mtutu baridi, maana porini hiyo ndiyo mnayoipata.

Nilirudi kichuguuni asubuhi ya Juni, baridi inauma vidole. Risasi tatu, kila moja nikisubiri dakika tano karabini ikiwa wazi. Matundu yote matatu nayafunika kwa mfuniko wa kopo la nyanya. Mmoja wa wale watatu sasa anauliza bei. Siuzi.