Ruta ya Sanduku la kanga: mti, ng'ombe na kisutu

Jumamosi usiku

Nimeitoa maktaba ya ruta (msimbo uliotengenezwa na wengine, wa kuamua anwani ipi ifungue ukurasa upi) niliyokuwa naitumia, na nimeanza kuandika ruta yangu. Sanduku, programu ninayohifadhia majina ya kanga za mama mdogo, sasa lina kanga 64 zilizopigwa picha, kila moja na jina lake na nani alimpa. Ninachotaka ni kitu kimoja tu. Mama mdogo akimtumia dada yake linki ya "Wema hauozi", dada mtu akifungua aikute kanga hiyo hiyo, asipelekwe kwenye orodha nzima wala kwenye ukurasa mweupe.

Ukiitazama kwa juu, kazi ya ruta ni ndogo. Inapokea njia, yaani sehemu ya anwani inayofuata jina la tovuti, inaikata kwenye kila mkwaju (/), kisha inatafuta komponenti, yaani kipande cha programu, ya kuchora kwenye skrini. /kanga/wema-hauozi inatoa vipande viwili. Kwenye jedwali langu la njia kuna mstari /kanga/:jina, na hiyo nukta pacha maana yake ni kwamba hapa neno lolote linapokelewa na kuwekwa akiba. Toleo la kwanza lilipita jedwali kuanzia juu na kuchukua mstari wa kwanza uliolingana.

Lilifanya kazi mpaka nilipobonyeza "Ongeza kanga". Badala ya fomu nikaandikiwa: "Hakuna kanga yenye jina mpya." Fomu inakaa /kanga/mpya, na mstari wake niliuweka chini ya /kanga/:jina. Ruta ikadhani "mpya" ni jina la kanga.

Ningeweza kuupandisha mstari juu, nikalala. Express, maktaba ya kuandikia seva kwa Node, hufanya hivyo: kilichosajiliwa kwanza hujaribiwa kwanza, na watu wamejenga mambo makubwa juu yake. Lakini jedwali langu limegawanyika katika faili tatu. Sitaki kuhamisha mstari wa kuingiza faili kugeuze maana ya anwani ambayo mtu tayari ameitunza kwenye simu yake.

Jumapili

Nimesoma jinsi wenzetu walivyolitatua. React Router, maktaba ya ruta inayotumiwa na wengi, tangu toleo la 6 la mwaka 2021, huipa kila njia alama: kipande cha neno kamili kinapata 10, kipande kinachopokea lolote kinapata 3, na njia yenye kinyota, kile kinachomeza kila kilichobaki, inakatwa 2. Yenye alama nyingi ndiyo inayojaribiwa kwanza, hata kama iliandikwa mwisho.

Mimi nimechagua mti. Kila kipande ni tawi, na kwenye kila tawi unajaribu kwanza neno kamili, halafu :jina, halafu kinyota. Nikaona nimemaliza, hadi nilipofika kwenye kisutu.

Kisutu cha mama mdogo, kile chekundu, cheupe na cheusi alichoolewa nacho, hakina maandishi. Kwa hiyo nilikipa ukurasa wake, /kanga/kisutu, na chini yake /kanga/kisutu/picha. Kwa ukurasa wa historia, kisutu kinatumia ule wa kanga zote, /kanga/:jina/historia. Sasa fuata njia /kanga/kisutu/historia kwa kidole. Unaingia tawi la "kanga". Kuna tawi la "kisutu", neno kamili, unaingia. Unatafuta "historia" humo, haipo, kuna "picha" tu. Ruta yangu ikasimama hapo na kusema ukurasa haupatikani, na tawi la :jina lenye "historia" liko pembeni yake.

Dawa yake ni kurudi nyuma. Tawi likishindwa, litoe jibu tupu, na aliyeliita aendelee na tawi linalofuata. Ni mistari minne tu, lakini usisahau kufuta neno ulilokwisha kuweka akiba ukiwa ndani ya tawi lililoshindwa. Mimi nilisahau, na ukurasa mmoja ukapokea jina la njia ambayo haikutumika.

Jumatano

Siku hii nzima nimeitumia kwa alama moja ndogo, na sijutii.

Kuna kanga ya "Ng'ombe wa maskini hazai". Niliifungua kwenye kompyuta, sawa. Kwenye simu ya mama mdogo, haipo. Nikaandika upande kwa upande vipande ambavyo ruta imepokea. Kompyuta: ng'ombe-wa-maskini-hazai. Simu: ng%E2%80%99ombe-wa-maskini-hazai. Kibodi ya simu ilikuwa imeigeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, na ile iliyopinda husafiri kwenye anwani kama baiti tatu zenye alama ya asilimia.

Maktaba nyingi za kutengeneza njia huifuta ritifaa kabisa. Kwa Kiswahili hilo ni kosa. Ng'oa ni kung'oa mti, ngoa ni wivu, na kwenye kanga neno la wivu si la kuchezea. Nimeamua ritifaa zote ziwe ile iliyonyooka, kwenye data na kwenye njia inayoingia, na ibaki mahali pake.

Mambo mawili niliyoyapata humo humo. La kwanza, kata njia kwenye mikwaju kwanza, ndipo usimbue alama za asilimia kipande kimoja kimoja. Ukianza kwa kusimbua, %2F iliyo ndani ya jina inageuka mkwaju na unapata kipande kisichokuwepo. La pili, decodeURIComponent, amri ya JavaScript ya kusimbua, ikipewa %E2%80 bila %99, kama linki ilikatwa wakati wa kunakiliwa, inatupa kosa na programu nzima inakufa. Sasa nalikamata kosa hilo na kuonyesha orodha.

Herufi kubwa nazishusha, mkwaju wa mwishoni nauondoa, kisha naandika anwani sahihi kwa replaceState, amri inayobadilisha anwani iliyopo kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Usitumie pushState hapo, ile inayoongeza anwani mpya juu ya ya zamani. Mtu akibonyeza kurudi nyuma atarudi kwenye anwani mbovu, nayo itamsukuma mbele tena, asitoke.

Jumamosi

Leo ruta hairudishi komponenti moja, inarudisha mnyororo: Fremu, ndani yake Orodha, ndani yake KangaMoja. Mtu akihama kutoka kanga moja hadi nyingine, nalinganisha mnyororo wa zamani na mpya kuanzia nje. Vinavyofanana vinabaki, na orodha hairudi juu kila mara. Mama mdogo alikuwa akilalamika: "Mwanangu, kila nikifungua moja naanza tena kutafuta nilipokuwa."

Kulikuwa na hitilafu moja. Jina lilibadilika likawa "Wapendanao hawaachani", picha ikabaki ya "Wema hauozi". Komponenti ni ile ile, kwa hiyo niliiacha kama ilivyo, nikasahau kwamba neno lililopokelewa na :jina limebadilika. Kichwa kilikuwa kinalisoma kila mara, picha mara moja tu wakati wa kuzaliwa. Sasa ulinganisho unaangalia vyote viwili.

Kwenye seva nimeiambia nginx, programu inayojibu maombi ya kivinjari, kwamba njia isiyo na faili ipewe index.html, faili inayoanzisha Sanduku, la sivyo ukionyesha upya ukurasa wa kanga unapata 404, yaani haupatikani. Ila folda ya /picha/ nimeitenga. Bila hivyo, picha iliyokosekana ilijibiwa kwa index.html na hali ya 200, yaani "sawa", na nilihangaika saa nzima na picha ambayo seva iliapa kuwa ipo.

Jioni mama mdogo aliituma linki ya ng'ombe kwa dada yake. Ilifunguka pale pale, akajibu kwa sauti ndefu ya simulizi ya nani aliinunua na wapi. Nimeiweka kwenye /historia.

Kaniletea doti nyingine tatu. Moja imefuliwa sana, jina limefifia, panasomeka neno moja tu mwishoni, "moyoni". Sijaamua njia yake iwe ipi.