Kutoka Matema hadi Dodoma, nyumba kwa nyumba

Juni Dodoma ina upepo. Si baridi ya kutisha, ila ule upepo wa asubuhi unaokausha midomo na kupenyeza vumbi hadi kabatini, ukiuvumilia wiki kadhaa unatamani kuhama. Ndiyo maana likizo ya shule ya katikati ya mwaka tuliipeleka Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, ambako kipupwe hicho hicho watoto wanashinda majini. Kuhusu mapumziko yenyewe sina mengi: mchanga, samaki, usingizi. Ninachotaka kueleza ni safari ya kurudi, maana huko ndiko kulikotaka mipango.

Matema hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 700, na njia nzima ina watu wetu. Tukuyu yuko shangazi wa mume wangu. Mafinga yuko rafiki yangu wa chuo. Iringa, pale Kihesa, yuko dada yangu. Mlowa Barabarani, ukiwa unainusa Dodoma, yuko mama yangu mzazi. Ukipita bila kusimama, habari zitawafikia kabla hujafika nyumbani. Ukisimama kila mahali kama mgeni rasmi, utakula mara tano kwa siku na giza litakukuta barabarani katikati ya malori, jambo ambalo mimi na watoto garini silikubali kabisa.

Kwa hiyo kabla hata hatujaondoka Dodoma nilimpigia kila mmoja na kumwambia wazi: kwako tunalala, kwako tunakunywa chai saa nne na hatuli. Kuna watu wanaona haya kusema hivyo. Mimi naona ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu mtu akishachinja kuku wake huwezi tena kumwambia una haraka. Kila siku nyumba moja tu ndiyo ya kulala na kula, nyingine ni za kuamkiana na kusonga mbele. Na wa kulala kwake hachaguliwi kwa ukubwa wa nyumba. Anachaguliwa mzee, au mwenye jambo.

Zawadi nilizinunua Matema. Soko la Lyulilo ndiko wanawake wa Kikisi wanakoleta vyungu vyao, na sijaona vyungu vizuri kama vile nchi hii. Nilichagua kimoja kwa kila nyumba. Kuvisafirisha ndiko kuliko na kazi: vidogo viliingia ndani ya vikubwa, katikati nikajaza nyasi kavu, kila kimoja kikaviringishwa khanga na kulazwa kifudifudi juu ya blanketi. Hakuna begi lililoruhusiwa kukaa juu yake. Mchele wa Kyela tukauweka chini, kwenye sakafu ya gari, ushikilie kila kitu.

Tukuyu tulifika mapema, mvua ikinyunya. Shangazi alikipokea chungu chake kwa mikono miwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akakizungusha, akagonga upande wa pili, na wa tatu. Kila mahali kililia kama kengele. "Kizima," akasema, "huyu aliyekifinyanga hakuwa na haraka." Ndipo akatukaribisha ndani. Tulilala kwake, na asubuhi mkungu wa ndizi ukachukua nafasi iliyoachwa na chungu.

Siku iliyofuata ndiyo ndefu. Ukitoka Uyole unaingia kwenye barabara kuu ya malori ya Tunduma, na miteremko ya Mlima Nyoka na Inyala haitaki mchezo: weka gia nzito, acha nafasi mbele, mwenye haraka apite. Kuanzia Chimala njia inanyooka, mashamba ya mpunga ya Usangu kushoto, lakini vijiji ni vingi na kibao cha 50 ni 50 kweli. Trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wapo. Makambako tulishuka kunyoosha miguu na upepo ukaturudisha garini.

Mafinga ndiko nilikopanga tulale, na nieleze kwa nini, maana dada yangu ana vyumba vingi zaidi na Iringa haiko mbali. Rafiki yangu alifiwa na mumewe mwanzoni mwa mwaka. Msiba ulinikuta nina mgonjwa wodini, nikatuma rambirambi, nikapiga simu, lakini sikuwa nimekaa naye. Kumhani mtu kwa kupita na gari linanguruma nje ni bora usiende. Watoto walilala mapema kwa baridi, mume wangu akawafuata, sisi tukabaki kwenye jiko la mkaa na mablanketi mabegani. Alinisimulia ugonjwa wote tangu siku ya kwanza, hospitali kwa hospitali, hadi asubuhi ile. Mimi sikuwa na la kusema zaidi ya pole. Alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Waliopiga simu ni wengi. Waliokaa hapa nawajua kwa majina." Tulilala usiku wa manane. Hiyo nyumba peke yake ilitosha kuwa sababu ya kurudi kwa gari.

Dada nilimweleza mapema na alielewa. Kwake ilikuwa chai na maandazi, watoto wake na wangu wakapigana busu, na kwa vile nilikataa kula alitufungia wali na nyama kwenye hotpoti. Hotpoti sasa iko kwangu, lazima irudi.

Kutoka Kihesa hadi Dodoma ni kama kilomita 260, lami tupu. Wanaoisafiri leo hawajui tabu ya zamani. Kabla barabara hii haijazinduliwa 2018 wengi walizungukia Morogoro. Unateremka Nyang'oro na masweta yanavuliwa moja moja, mibuyu inaanza, joto linakupokea. Mtera unapita juu ya ukuta wa bwawa lenyewe, ambamo Ruaha Mkuu na Kizigo vinakutana. Maji hayo yanazalisha umeme hapo Mtera, megawati 80, kisha yanateremka kuzalisha tena Kidatu. Wauza samaki wapo. Nilichukua perege waliokaushwa, kwa sababu wabichi bila barafu hawafiki salama, na wakifika gari halitanuka vingine mwezi mzima. Hotpoti tuliifungulia chini ya mbuyu.

"Mbukwa!" mama alitusalimu kwa Kigogo kabla mlango wa gari haujafunguka. Ugali wa uwele na mlenda vilikuwa tayari, na kwa mama hakuna cha kusema tumeshiba, hapo tulikula. Lakini alichokuwa na njaa nacho zaidi ni habari. Mguu wa shangazi unaendeleaje? Yule mjane analala? Dada yako amepungua au ni picha? Nilimjibu nyumba kwa nyumba na kumkabidhi salamu kama nilivyopewa, kisha chungu, mchele na nusu ya samaki. Saa kumi na moja tulikuwa nyumbani Ipagala, jua bado lipo.

Amebaki mjomba wa Mwanjelwa, Mbeya mjini. Kwake tungelazimika kukunja kutoka Uyole na kuipoteza nusu siku, kwa hiyo nilimpigia kabla hatujatoka Matema nikamwambia safari hii hatupiti, asisikie kwa watu. Aliguna, kisha akauliza Desemba tunashuka lini. Shule zikifunga tu, tunaanzia kwake, na nimeshamwambia tunalala.